Garanti ya Feza, Mbwa wa Kayitare

Kayitare alikuwa na mkono wa birika tangu ujana, lakini garanti ndiyo iliyommaliza kabisa. Wenye nyumba wenzake hapo Kamembe, upande wa Rwanda, waliridhika na kodi ya mwezi mmoja mbele, basi. Yeye akasikia kwamba ng'ambo, Bukavu, mpangaji anaacha kwanza garanti ya miezi mitatu, na siku akihama anarudishiwa kama nyumba ni nzima. Akaipenda desturi hiyo nusu tu. Kupokea alijua vizuri sana. Kurudisha, eti hayo ni mambo ya Wakongomani.

Feza, muuza samaki kutoka Bukavu, alikuwa mpangaji wake, na alimdharau mzee huyo bila kuficha. Jikoni akipara samaki alikuwa akimwiga anavyotembea, kidevu juu, funguo zinalia kiunoni, na wapangaji wenzake wanacheka mpaka wanashika mbavu. "Mutu huyu," alikuwa akisema, "angepata muteja, angeuza hata mama yake."

Na alikuwa na sababu. Feza alipoingia na mbwa wake Tigri, mtoto bado, Kayitare alipiga kelele kwamba parseli yake, yaani kiwanja chake, si zizi. Kisha wezi wakaingia kwa jirani wakabeba sufuria zote, na kwa Kayitare hawakugusa kitu, maana Tigri alibweka mtaa mzima ukaamka. Kesho yake mzee akaandikisha langoni, kwa rangi nyekundu, kwamba humo mna mbwa mkali. Akaanza kusema "imbwa yangu". Halafu, sikia aibu hii, akaanza kutoza kila chumba pesa ya ulinzi kila mwezi! Feza mwenyewe alilipa. Alimlisha mbwa wake fufu na vichwa vya samaki, kisha akamlipa Kayitare kwa kulindwa na mbwa huyohuyo. Akikataa, mzee anamkumbusha kwamba mnyama amekubaliwa kwa huruma tu.

Basi Feza akapata chumba kingine kule chini Cyangugu, karibu na mpaka, kwa mama mmoja aliyesema mbwa si tatizo, lakini pesa ziwe mkononi mwake kabla ya jioni, kwani kuna mtu mwingine anakingoja. Pesa ya Feza ilikuwa ile garanti aliyoiacha kwa Kayitare, hana nyingine. Siku ya kuhama vyombo vilikuwa vimeshatolewa barabarani, na mama yake mzee amekaa juu ya godoro, anangoja. Kayitare akaingia chumbani mikono nyuma. Akainama mlangoni, akapapasa chini ambapo Tigri alikuwa amekwaruza mbao.

"Maman Feza, unaona hapa? Imbwa yako ameharibu mulango. Garanti imeishia hapa."

"Yote?"

"Na bado nimekuhurumia."

Bahati ilikuwa Jumanne, siku ya mkutano wa wakazi, watu wote wa mudugudu, mtaa wao, wapo uwanjani na mkuu wao, Mukarugwiza, mwanamke asiyependa maneno mengi. Feza akafungua kamba ya Tigri, akaenda naye moja kwa moja, Kayitare akiwafuata. Njiani alishapanga la kusema, na lilimfurahisha mpaka akacheka peke yake. Mzee huyu leo atameza ulimi!

Kayitare akaeleza kwanza, kwa sauti ya mtu aliyeonewa: mbwa, mlango, hasara. Mukarugwiza akamgeukia Feza.

"Mimi nina swali moja tu," Feza akasema. "Papa Kayitare aseme mbele ya batu: ile imbwa ni ya nani?"

Watu wakamgeukia Kayitare. Kisha Birindwa, fundi cherehani wa chumba cha kwanza, akashtuka.

"Eh! Kama ni ya Maman Feza, basi mzee, pesa ya ulinzi tuliyokulipa ni ya nini? Uturudishie!"

"Aturudishie!" wapangaji wakapokea, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Kayitare alijikuna shingo. Alianza "lakini", akaiacha. Kila mtu aliona anavyopiga hesabu: garanti ya chumba kimoja huku, ulinzi wa vyumba vyote kule. Uso wa mtu mzima, jamani, unatoka jasho kwa kuulizwa mbwa ni wa nani.

"Ni yangu," akasema mwishowe.

"Basi mbwa wako ndiye aliyekwaruza mlango wako," Mukarugwiza akasema. "Mrudishie garanti, sasa hivi, hapahapa."

Akalipa. Pesa zilimtoka mfukoni polepole kama jino bovu, na Feza akazipokea kwa mikono miwili, kwa dharau, huku wanawake wakimpigia makofi. Akashika kamba ya Tigri aende zake.

"Maman Feza," Kayitare akasema. "Imbwa unaipeleka wapi?"

Feza akacheka. Akatazama watu wacheke naye. Birindwa alikuwa anatazama viatu vyake. Wengine vilevile. Mbwa akiondoka, nani atawalinda?

"Wamesikia wote. Imbwa ni yangu," mzee akasema, na sasa kidevu kilikuwa kimerudi juu. "Ukimupenda sana, ununue. Bei yake ni hiyo uko nayo mukononi."

Feza akamgeukia Mukarugwiza. Mukarugwiza akasema taratibu kwamba neno limetoka mbele ya watu wote, na aliyeliuliza ni Feza mwenyewe.

Tigri alikuwa amekaa juu ya mguu wa Feza, kama alivyozoea. Feza aliona aibu, aibu kali ya kuunguza. Alimfikiria mama yake juu ya lile godoro, na jua lilikuwa linateremka. Akaiweka kamba mkononi mwa Kayitare. Pesa akazifunga katika pindo la kitenge, akafunga tena fundo la pili, akaenda.

Alipofika barabarani mbwa akaanza kulia. Alibweka, akavuta kamba, akabweka mpaka sauti ikakwaruza, na Feza hakugeuka. Nyuma alimsikia Kayitare akiwaambia wapangaji, kwa furaha kabisa:

"Munasikia? Hiyo ndiyo kazi munalipia."