Kizibao cha Mifuko Minane

Kila asubuhi, kabla hajagusa kitambaa cha mteja, Xavérine alipitisha sindano ya cherehani kwenye kipande cha kitenge kikuukuu aone kama uzi unakaza sawasawa. Leo mshono haukufika nusu. Aliinua macho kutafuta mkasi, akaona msumari mtupu ukutani. Kizibao cha kijivu hakipo.

Kilikuwa na mifuko minane kwa ndani, ya turubai, imeshonwa mara mbili. Mwanamume aliyekiagiza hakutaka kupimwa. Alimtazama Ishimwe, mwanawe Xavérine, aliyekuwa akipiga pasi, akasema, "Mpime huyu. Tunalingana." Na mtu mwenyewe alikuwa na kitambi.

Xavérine akapima. Mkono wa fundi umezoea kutii. Tangu siku hiyo Ishimwe akawa anatoka na mwanamume huyo kila jioni, na usiku mmoja, akiwa mezani, akasema watu waliouawa na bomu sokoni walistahili. Kisha akaomba chumvi.

Mara tatu Xavérine alikwenda ofisi ya mtaa kusema kuna mteja ameagiza nguo ya kubebea mabomu. Hakusema imepimwa kwenye mwili wa nani. Mara ya kwanza aliambiwa askari waliokuwa wakiwafuatilia walipuaji wamepelekwa vitani. Mara ya pili, kwamba adui yuko mpakani. Mara ya tatu aliulizwa kama anapinga vita.

Bayingana, kiongozi wa mtaa wao hapo Kagarama, aliingia bila hodi. Alifuata fulana hamsini. Saa nne watu wote wanakutana njiapanda ya Sonatubes kuwaaga wanajeshi, alisema, na watoto wa shule ndio watakaosimama mbele.

"Mama Ishimwe, mbona umekaa kama uko kilioni?"

"Shefu, kile kizibao nilichowaambia habari zake ofisini kimeondoka."

Bayingana alicheka kidogo, akaendelea kuzishindilia fulana kwenye gunia. Askari wa kumpa hana hata mmoja, alisema. Wawili waliobaki wanaongoza magari njiapanda.

"Vita ikiisha, uje na hadithi yako."

"Watoto wasiende, shefu."

"Niandike kwamba umezuia watu kuaga jeshi?" Alitoa daftari mfukoni, akafungua kalamu.

Xavérine aliitazama pasi. Makaa yalikuwa bado mekundu. Ishimwe aliyatia alfajiri, akayapepea, kama kila siku, ndipo akatoka. Akimtaja, watampiga risasi kabla hajafungua mdomo. Nje watoto wa shule walikuwa wakipita wakiimba, wameshikana mikono wawili wawili.

"Jina lako kamili," alisema Bayingana.

"Andika la mwanangu kwanza," alisema Xavérine. "Ishimwe. Kifua, inchi thelathini na nne. Kile kizibao nilimshonea yeye, na sasa hivi amekivaa."