Kidudu cha Rangi ya Udongo

Bomba la kupulizia dawa lilikuwa moja kwa nyumba kumi na mbili. Lilikwenda kwa zamu, kutoka mashamba ya juu karibu na msitu wa Meru mpaka ya chini barabarani. Ukiikosa zamu yako, unangoja mwezi. Asubuhi hiyo Elirehema alimwona Gerson, jirani wa juu, akiteremka nalo mgongoni, akajua muda umemwishia.

Baba mkwe wake, Mzee Melkizedeki, alikuwa amekwisha vaa mabuti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Fungia kuku. Leo ni leo."

"Baba, nilikuomba jana. Kahawa yangu isipulizwe."

Miche hiyo arobaini alikabidhiwa alipoolewa, na ndiyo iliyokuwa mali yake pekee. Msimu huu ilishambuliwa na vidugamba, wadudu wanaoganda kwenye vijiti kama magamba na kunyonya utomvu. Halafu wakatokea wengine, weupe, wenye manyoya kama pamba. Mzee akasema balaa limezaa balaa, akanunua dawa kali. Elirehema naye alidhani hivyo, akawaponda kwa vidole wiki nzima. Mpaka alipokisahau kijiti kimoja ndani ya chupa dirishani. Alipokikumbuka, yule mweupe alikuwa amegeuka kidudu cha mviringo, cha rangi ya udongo, kidogo kuliko punje ya ufuta, na vidugamba wote wamebaki maganda matupu.

Gerson alipoisikia habari hiyo akacheka. "Shemeji, wanaokula wadudu wenzao ni wale wekundu wenye madoa, hata mtoto anawajua. Hiki chako kama kinyesi cha panya."

"Hakikuja kuposwa," Elirehema akamjibu.

Mzee hakucheka. Alilivaa bomba mgongoni, akakaza mikanda. "Wewe ulisomea kushona, mwanangu. Kahawa niachie mimi."

Akaanza kwenda. Katika nyumba ile mkwe hakumshika mkono baba mkwe, wala hakumzibia njia. Elirehema akafungua kanga aliyoivaa juu ya gauni, akampita kando mbiombio, akaifunga kwenye shina la kwanza la mstari wake.

Mzee akasimama kama aliyekanyaga moto. Nguo ya mkwe haiguswi na baba mkwe, hata ikiwa imeanguka njiani. Gerson akanyoosha mkono aifungue.

"Iache," mzee akasema. "Haya. Nionyeshe."

Elirehema akakata kijiti, akakiweka juu ya jani la mgomba chini, ili mikono yao isikutane. Mzee akachuchumaa na bomba lake mgongoni. Yule mweupe hakutikisika.

"Huyo amefunga Kwaresma," Gerson akasema. "Mzee, zamu inayofuata ni ya Agnela, wananingoja na bomba."

Mdudu akajivuta. Akaingiza kichwa chini ya kidugamba, akatulia tena. Polepole sana kidugamba kikaanza kunywea, kikawa bapa kama ganda la dengu. Mzee akasogeza uso mpaka pumzi yake ikayumbisha zile nyuzi za pamba.

Aliinuka, akachota vumbi, akaliachia. Upepo ulilichukua kutoka mistari yake kuelekea ya Elirehema. Akalitazama mpaka likatua. Kisha akafungua mikanda, akashusha bomba.

"Mpelekee Agnela."

"Na kahawa yako?" Gerson akashangaa.

"Nikipuliza yangu, nimepuliza na ya huyu."

Gerson akaondoka akitikisa kichwa. Mzee hakumtazama.

"Ikikauka, nitaing'oa yote, yako na yangu. Na mumeo utamweleza wewe."

"Ndiyo, baba."

"Mdudu huyu anakula wangapi kwa siku?"

"Sijui, baba."

Mzee akaketi juu ya jiwe, akalivuta lile jani la mgomba karibu na miguu yake.

"Basi kaa upande huo. Tuhesabu."