Senene Katika Jiko la Mama Bhagwati

Felicitas alikuwa amelala kifudifudi kando ya gari, kitenge chake kipya cha sikukuu kikinywa matope, akimbembeleza mbwa kwa Kihaya.

"Ija, Moti. Ija hanu. Mpola, mpola."

Moti hakuja. Alijibana nyuma ya gurudumu, masikio yamelala, mwili mzima ukitetemeka. Gari jingine, la wageni wa Diwali, lilikuwa limesimama katikati ya geti, dereva hajui aingie au arudi nyuma, na pembeni yake palibaki upenyo wa kumtosha mbwa mwenye hofu.

Si kwamba Felicitas hakujiandaa. Kama kuna mtu Bukoba nzima aliyejiandaa kwa Diwali ile, ni yeye. Wenye sikukuu walihangaika na vitamutamu na vitaa vya udongo. Yeye, Mkatoliki wa Izimbya, mpishi wa Mama Bhagwati tangu mumewe, mzee Umedbhai, angali hai, alihangaika na mbwa. Mchana alimtembeza mpaka ufukweni na kurudi, ili achoke. Akamlisha mapema. Kwenye mkanda wa shingoni akamshonea kitambaa chenye namba ya simu ya nyumbani. Akachagua stoo, kwa kuwa haina dirisha. Akatandika gunia, akaweka maji na redio, na blanketi la kuziba chini ya mlango. Kisha akamwendea Vipul, mjukuu wa mama mwenye nyumba, aliyekuja kutoka Dar na familia yake pamoja na boksi zima la fataki.

"Mwanangu, mpaka unisikie nimesema nimefunga mlango, usiwashe hata moja."

"Sawa, mama."

"Na zile za kishindo mzipige mfululizo, ziishe. Msitudonolee moja moja mpaka saa ya kulala."

Vipul alicheka, akakubali. Mtu aliyekulisha uji ukiwa mdogo humkatalii kwa urahisi.

Mwaka jana hakuna aliyewaza hayo. Fataki ya kwanza ilipolia, Moti aliruka ukuta, akaja kuonekana siku kadhaa baadaye upande wa Kagondo, kwenye migomba ya watu, mguu umevunjika. Siku zote hizo Mama Bhagwati hakula kitu cha maana. Mbwa huyo aliletwa na marehemu mumewe, akiwa mdogo kiasi cha kulala ndani ya kiatu. Watoto waliihama nyumba ile mmoja baada ya mwingine, akabaki Moti wa kumngoja mama mlangoni. Sasa ni mzee na anachechemea. Safari hii akikimbia hatarudi. Felicitas alilijua hilo, na lilimuuma kana kwamba mbwa ni wake.

Lakini mipango si matumizi. Jioni alimtoa uani akojoe kabla ya kumfungia, na papo hapo, nyumba ya pili, mtu asiye na subira akajaribu fataki yake. Moti akamchoropoka, akaingia uvunguni mwa gari la Vipul.

"Nimvute mguu?" Vipul aliuliza, ameinama.

"Usithubutu. Mwenye hofu havutwi. Wewe kazibe pale getini."

Vipul akaenda kusimama kwenye upenyo, mikono ameitanua kama golikipa, ndani ya shati lake la hariri. Felicitas akajaribu chapati. Akajaribu chapati yenye samli. Moti hakuigeuzia hata pua.

Hapo ndipo alipowakumbuka senene.

Ulikuwa msimu wao. Asubuhi alinunua sokoni mfuko mmoja, wazima, wangali wanarukaruka, ampelekee mumewe Ndyamukama huko Izimbya. Enzi za bibi yake, mwanamke wa Kihaya aliwakamata senene, akawanyonyoa, akawapika, na asionje hata mmoja. Walikuwa wa mume. Felicitas anawala, tena vizuri sana, ila wale wa kwanza wa msimu bado huwapeleka kwa Ndyamukama. Mfuko alikuwa ameuficha ndani ya ndoo nyuma ya karo la kufulia, maana Mama Bhagwati hali nyama, na katika nyumba yake hata yai halivuki kizingiti cha jiko. Na Moti, asiyeijua dini ya nyumba yake, kila msimu huwakimbiza chini ya taa ya uani mpaka anasahau uzee.

Akauleta mfuko. Akamnyonyoa mmoja mabawa na miguu, akamweka kiganjani, akaingiza mkono uvunguni na kunyamaza. Pua ikaja. Ulimi ukafuata. Wa pili akamweka mbali kidogo, wa tatu mbali zaidi, na hivyo hivyo akarudi kinyumenyume, amechuchumaa, akiuvuka uwanja na mbwa wake mpaka mlango wa jiko. Pale akasimama.

Stoo ilikuwa ndani ya jiko. Jiko lilikuwa limeoshwa mpaka linang'aa, na kizingitini Mama Bhagwati mwenyewe alikuwa amechora maua kwa unga wa rangi, kumkaribisha mungu wao wa neema. Felicitas aliutazama mfuko. Akamtazama Moti.

"Bwana Yesu nisamehe, na wewe Mama Bhagwati," alisema, akayaruka maua.

Alipokwisha kuufunga mlango wa stoo akapaza sauti: "Nimefunga!"

Mbingu ikapasuka. Felicitas alikaa sakafuni, redio ikiimba, kichwa cha mbwa pajani, na kila kishindo alikilipia kwa senene mmoja. Vidole vyake havikukosea, ila moyo wake ulikuwa unajiandaa kufukuzwa kazi.

Mlango ukafunguka kidogo. Mama Bhagwati akapenya, na sari yake nyekundu na kitaa mkononi, akafunga haraka na kulirudisha blanketi kwa mguu.

"Felicitas. Hao ni nini?"

"Senene, Mama."

"Jikoni kwangu? Leo?"

"Leo, Mama."

Kishindo. Moti akakisukuma kichwa chake kwenye sari. Bibi kizee akaweka kitaa juu ya debe la unga, akashuka taratibu, magoti yakilalamika, akaketi sakafuni. Akauweka mkono kifuani kwa mbwa.

"Moyo unamwenda mbio."

"Ulikuwa mbio zaidi, Mama."

Kikalia kingine. Mkono wa Felicitas ulikuwa umesimama ndani ya mfuko. Mama Bhagwati akaugeuzia uso ukuta.

"Mimi naangalia ukuta," alisema. "Mpe."

Felicitas akampa.

"Hawa si wa Ndyamukama?"

"Mama! Umejuaje?"

"Kila msimu unawaficha nyuma ya karo. Ulidhani mimi kipofu?" Bado alikuwa anatazama ukuta. "Sasa atakula nini, maskini?"

"Atakula maharage."

Wakacheka, wanawake wawili watu wazima, sakafuni, mpaka Moti akainua kichwa kuwashangaa.

Baadaye nje kukatulia. Wageni walisikika wakigawana vitamutamu. Moti alikuwa amelala, anakoroma, na mabawa ya senene yametapakaa kila mahali, mengine yamenasa kwenye pindo la sari. Felicitas akanyoosha mkono kuchukua ufagio.

"Acha," Mama Bhagwati alisema. "Usiku wa Diwali hatufagii. Ukifagia unaitoa neema nje."

"Hata haya?"

Mama Bhagwati akageuka kutoka ukutani, akayatazama.

"Hata hayo."

Basi yakaachwa. Na kila Moti alipotoa pumzi, yale yaliyokuwa karibu na pua yake yaliinuka kidogo, yakatua tena.