Mkono wa Mwoka Mikate

Siku wavu wa jukwaa la mafundi ulipoondolewa kwenye ukuta wa kusini wa kanisa kuu la mji wa Chartres, Oriane Chauvel alimwita mama yake aje aone kipande chake.

Kilikuwa kipande kimoja tu cha kioo cha buluu, kidogo kuliko kiganja, katika dirisha la kale la vioo vya rangi. Kile cha zamani kilipotea, hakuna ajuaye lini, na mtu fulani aliwahi kuziba pengo kwa kioo cha chupa. Karakana ya Madamu Brossard, kule bondeni kando ya mto, ndiyo iliyopewa dirisha hilo kulisafisha na kulitengeneza. Madamu hakuwa mtu wa kugawa sifa ovyo, lakini pengo lile alimkabidhi Oriane, mwanafunzi wake.

"Kikikaa vizuri pale juu, unabaki kwetu," alimwambia. "Kisipokaa, tutaagana kwa heshima."

Oriane alikikata, akakichora kwa rangi nyeusi, akakichoma tanurini. Juu ya meza ya taa, ile inayomulika vioo kutoka chini, kiling'aa hata mafundi wakaacha kahawa zao wakaja kukitazama. "Bibie, buluu hii ningeila kwa kijiko," alisema Fulgence, mzee wa kuunganisha vioo kwa mikanda ya madini ya risasi. Madamu alitikisa kichwa kukubali, na kioo kikapandishwa mahali pake. Wakati huo wavu ulikuwa bado unakinga jua.

Sasa mama yake, muuza jibini wa sokoni, alisimama katikati ya kanisa, kikapu mkononi, shingo kaikunja nyuma.

"Lipi, mwanangu?"

"La tatu kutoka mlangoni, mama. Chini kabisa. Kuna mwoka mikate anampa mtoto mkate. Changu ni ile buluu nyuma ya mkono wake."

Mama akatazama. "Jamani, buluu hiyo! Naiona mpaka huku." Kisha akashusha sauti. "Ila maskini, alikatwa mkono?"

"Nani?"

"Si huyo mwoka mikate wako. Mkate unaelea hewani kama puto."

Oriane alicheka, akainua macho, na kicheko kikamkauka. Jua la alasiri lilikuwa linapita kwenye dirisha kwa nguvu zake zote. Ile buluu aliyoipenda ilikuwa imefura, imemwagika nje ya mipaka yake na kuumeza mkono mzima. Vile vidole vyembamba, alivyovisafisha mwenyewe kwa pamba, havikuonekana.

Alimkuta Fulgence mlangoni akifunga begi la vifaa, akamwomba darubini. Akaielekeza kwenye vioo vya buluu vya zamani vilivyokizunguka kile chake. Vyote vilikuwa na mistari myembamba myeusi iliyopishana kama wavu, na mwanga ulipenya kwenye matundu madogo tu. Mistari hiyo aliijua. Alipokuwa akichora aliiona ni pambo, akaipunguza ili buluu ipate kupumua.

Fulgence naye akatazama, akapiga mluzi taratibu.

"Anauza mikate kwa kiwiko."

"Usinitanie, mzee wangu. Nifanye nini?"

"Nyamaza. Kesho asubuhi jukwaa linabomolewa. Watalii wenyewe wanaangalia simu zao."

"Mama ameona."

"Mama yako anauza jibini, macho yake yamezoea kutafuta ukungu." Kisha akaacha mzaha. "Sikiliza, mwanangu. Mimi nataka ubaki. Yule mwanafunzi wa mwaka jana alikuwa anaimba kutwa nzima."

Oriane alirudi kumtazama mwoka mikate. Mtoto wa kwenye kioo alikuwa ameinua mikono yake miwili apokee, na hapakuwa na mtu wa kumpa. Jukwaa likishuka, angekaa hivyo mpaka wajukuu wa watu wote waliokuwa kanisani siku ile wazeeke. Oriane alizoea kunyamaza. Hata mkate dukani alikuwa akiununua kwa kuuonyesha kwa kidole. Akamwacha mama na kikapu chake, akatoka nje.

Madamu Brossard alikuwa chini ya jukwaa akigombana na msimamizi wa mabomba ya jukwaa.

"Madamu. Kipande changu ni kibaya."

"Nani kasema?"

"Mama yangu."

"Mama yako ni fundi vioo?"

"Hapana, Madamu. Anauza jibini."

Fulgence, aliyekuwa amemfuata nyuma, akakohoa. Madamu hakucheka. Aliingia ndani, akavaa miwani, akalitazama dirisha, halafu akaketi kwenye kiti cha waumini kama mtu aliyechoka ghafla.

"Nilikipitisha mwenyewe," alisema. "Juu ya meza ya taa, kama limbukeni. Umeelewa kilichotokea?"

"Nilidhani ile mistari ni pambo. Kumbe ni uzio." Oriane akaonyesha dirisha kwa kidole. "Buluu haitulii kwake. Waliotutangulia waliijua tabia yake, wakaifunga, ili jirani zake nao waonekane."

Madamu akamtazama kwa jicho la pembeni, kisha akatoka nje kwa hatua za haraka. Wote walimsikia akimwambia msimamizi: "Jukwaa haliondoki! Kwani mabomba yako yana harusi kesho?"

Kazi ya mara ya pili haikushangiliwa na mtu. Oriane aliifunika buluu yake mstari kwa mstari, na kila mstari ulimuuma. Safari hii hakuna aliyekaribia meza ya taa. Fulgence alikiinua kioo kwenye dirisha la karakana, kando yake kipande chenye rangi ya mkono, na Oriane akarudi nyumanyuma uani mpaka ukingoni mwa mto ili akione kwa mbali.

"Sasa ni usiku wa manane!" Fulgence alimpigia kelele. "Umemzika mwoka mikate!"

Akaanza upya. Kipande kilichofuata hakikumpendeza mtu kikiwa mkononi. Kilikuwa kizito, cha kijivujivu, kama kitu kilichookotwa jikoni. Hicho ndicho walichopandisha.

Jua lilipozunguka upande wa kusini, Oriane, Madamu na Fulgence wakasimama katikati ya kanisa. Buluu ilitulia nyuma kama anga, na mbele yake vidole vikajitokeza kimoja kimoja, vyeupe, vimeushika mkate barabara. Hakuna aliyekitazama kioo cha Oriane. Hata yeye mwenyewe alikitafuta kwanza ndipo akakiona.

Madamu akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti.

"Jumatatu tunashusha dirisha la washona viatu," alisema akianza kuondoka. "Njoo na glavu zako mwenyewe. Zangu umeshazichakaza."