Ukoko wa Muda

Usiku wa jana niliota, na kabla hujaniuliza nilikula nini nikalala vibaya, nikwambie kwamba sikula. Nilipakulia ukoo mzima, nikaosha vyombo, nikaingia kitandani na harufu ya kitunguu mikononi. Sisi tunaishi Dar, ila Krismasi ni lazima iliwe Machame, Kilimanjaro, kwa wazazi wa mume wangu, na huko mkamwana akishuka tu kwenye basi anakabidhiwa kisu cha kumenyea ndizi. Habari za safari ataulizwa akiwa kazini. Mtoto wangu wa kwanza ni Brayson, kwa hiyo mimi ni Mama Brayson.

Mchana wake nilikuwa nimejaribu kukaa. Niligeuza ndoo, nikaikalia, nikafungua simu kumsikiliza mwalimu mmoja wa mtandaoni anayewafundisha akina mama kujijali msimu wa sikukuu. Ana sauti laini ya mtu aliyelala vya kutosha. Alisema mama ajipe muda, aweke mipaka, ajiweke wa kwanza. Hapo mama mkwe akapita na mwiko.

"Mama Brayson," akasema, "mtori unashika chini na wewe umekaa."

Nikasimama. Moyoni nilimjibu maneno ambayo mtu hayaandiki wiki ya kuzaliwa Mkombozi. Tangu niolewe sijawahi kumwona mama yule amekaa, na nilikuwa na uhakika anafanya hivyo makusudi ili kunikomoa.

Basi kwenye ndoto niko jikoni palepale. Sufuria kubwa iko motoni, lakini ndani hamna ule mtori wa ndizi. Mna muda. Ni muda wangu, nimejipa mwenyewe kama nilivyoelekezwa, unachemka taratibu, mzito kama uji, na mimi naukoroga usishike chini.

Mume wangu anachungulia mlangoni anauliza kama umeshaiva. Namweleza kwamba huu si wa wageni, huu ni wa kwangu, ni mambo ya kujijali. Anasema ni jambo zuri sana, analiunga mkono kwa moyo wote, halafu anachukua sahani.

Nyuma yake wanaingia mashemeji, mashangazi, majirani na kwaya nzima ya usharika. Kila mmoja anasema, pole mama, umechoka, pumzika, huku amenyoosha sahani. Shemeji Ndewingia, mdogo wake mume wangu, alijipakulia rundo akaenda kuutumia kwenye mpira. Shangazi mmoja akafungasha wa kwenda nao Arusha. Watoto waliumwaga wa kwao uani wakarudi kuomba mwingine, na mimi, mjinga wa kutupwa, nikawaongezea.

Waliposhiba waliniambia sikukuu imenoga. Nikatazama ndani ya sufuria. Umebaki ukoko.

Nikaukwangua kwa mwiko. Ukoko wa muda ni wa kahawia, mgumu pembezoni, na unanukia Jumapili alasiri nyumbani kwa mama yangu mzazi, enzi ambazo kazi yangu ilikuwa kulala mkekani na kulalamika njaa. Nikaufunga kwenye jani la mgomba. Roho iliniuma sana, sikutegemea.

"Usiulie hapa," sufuria ikasema. Ina sauti nzito ya mtu aliyekaa motoni siku nyingi. "Upeleke kwenye beseni."

"Beseni gani?"

"La maji ya moto. Unakaa, unatia miguu, na hakuna anayekuita. Ila ukifika bila muda hawamimini maji. Kwa hiyo uubane."

Nikauliza liko wapi, ikaniambia ni mbele ya masale, yale majani ambayo huku uchagani tunapandia mipaka ya mashamba. Nikatoka mbio. Nikayakuta masale mlangoni yamejikusanya yenyewe, yananisubiri, na jani la juu kabisa likanikumbusha kwamba sijaweka mipaka bado. Haya. Nikajipandia mipaka kuzunguka nyayo zangu, mbele na nyuma, mstari umenyooka.

Sijashindilia hata udongo, Shemeji Ndewingia huyo, na balozi wa nyumba kumi amebeba kamba ya kupimia. Shemeji anadai kiwiko changu cha kushoto kimeingia kwake. Balozi akapima, akapima tena, akasema ni kweli kimeingia. Halafu akazunguka nyuma yangu.

"Na huu mgongo, mama, umeuzibaje? Hii ni njia ya watu."

"Mgongo wangu ni njia ya watu?"

"Ya watoto hasa. Imetumika miaka yote, haizibwi."

Nikamwuliza basi mimi nabaki na nini. Akapima mara ya mwisho, akaniambia nina haki ya unyayo mmoja, wa kulia, na nisijenge kitu cha kudumu. Kisha akauona ukoko, akasema kama shahidi asiye na upande inabidi auonje. Alimega kipande cha kujaza kiganja. Nikaondoka kwa mguu uliokuwa wangu kihalali, ule mwingine nikauazima.

Ninarukaruka kwenye migomba, na bila kupinda kona popote niko ndani ya ukumbi wa sherehe. Viti vimevishwa vitambaa vyeupe na kufungwa tai. Mbele kuna mlango umeandikwa BESENI. Kwenye meza pembeni ya mlango amesimama ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa anayewekwa mbele ya wageni kwenye shughuli, amepambwa kwa matango, na majani mabichi yako mdomoni. Ndiye msimamizi.

Akina mama wamejaa. Mwalimu alikuwa amewaambia wote wajiweke wa kwanza, kwa hiyo foleni haina wa pili. Wamejipanga kwa upana, bega kwa bega, kutoka ukuta hadi ukuta, na kila mmoja anamwambia mwenzake samahani dada, mimi ni wa kwanza. Mlango unapitisha mtu mmoja. Nikajibana nikawa wa kwanza na mimi.

Ndafu akatoa majani mdomoni akaanza mada. Alisema anasikitika akituangalia ngozi zetu. Yeye mwenyewe alisuguliwa limau na tangawizi, akapakwa mafuta mwili mzima kwa brashi, akalazwa kwenye viungo hadi asubuhi, kisha akakaa sehemu yenye joto la wastani, anageuzwa taratibu, bila kuulizwa swali na mtu yeyote. Tangu hapo kila anayemwona anampiga picha. Mama mmoja aliyebeba mapacha akanyoosha mkono akauliza, kwa heshima, huduma hizo zilianza lini.

"Nilipochinjwa," ndafu akasema. "Kabla ya hapo nilikuwa nabweka tu kama nyinyi."

Akina mama wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akanong'ona kwamba mbuzi habweki, lakini hakuna aliyetaka kumkatisha mgeni rasmi. Yule mwenye mapacha akauliza kama kuna kifurushi cha kuanzia, kisichohitaji kuchinjwa. Ndafu akasema wanakifanyia kazi.

Ukoko wangu ulikuwa unapungua. Mama wa kulia kwangu aliomba wa kumalizia pasi, mama wa kushoto aliomba wa kwenda chooni peke yake, na huyo wa pili ningemnyimaje jamani. Nilipofunua jani nikaona kilichobaki kinamtosha mtu mmoja, tena kwa kujibana. Nikaanza kuogopa. Nilijiona nafika mlangoni mikono mitupu, narudishwa kwenye sufuria, na ndivyo nitakavyozeeka.

Ndipo nje ya ukumbi mtoto akaita, "Mama!"

Ukumbi mzima ukaitika. Foleni ikageuka kwa pamoja, viti vikaanguka, na kufumba na kufumbua wamekwisha, hata vumbi halijatulia. Nilibaki mimi na ndafu.

"Wewe mbona hukuitika?"

"Yule si wangu. Wangu huanza kulia kwanza, ndipo anaita."

Ndafu alinitazama kwa muda, kwa macho yaliyoiva, akarudisha majani mdomoni akanifungulia.

Nyuma ya mlango hapakuwa na ukumbi mwingine. Palikuwa zizi la ng'ombe la mama mkwe, lilelile la uani, limefagiliwa. Ng'ombe wake yuko pembeni anatafuna, taulo jeupe begani. Katikati kuna beseni kavu. Na mbele ya beseni, kwenye kigoda, amekaa mama mkwe wangu mwenyewe, miguu peku, anasubiri.

Sikufurahi, nisidanganye. Kilichonijia kwanza ni kwamba hata huku kanitangulia.

"Shikamoo, mama. Umefika lini?"

"Marahaba. Krismasi ile niliyoletwa hapa kuolewa."

"Na maji?"

"Bila muda hawamimini. Wangu waliula wote." Alikuwa analitazama beseni, hanitazami mimi. "Mama yake baba mkwe wako alikuwa hataki kuniona nimekaa. Mwanzo nililia, baadaye nikazoea. Sasa hivi nikimwona mtu amekaa mwili wote unaniwasha."

Nikaitazama miguu yake. Visigino vimepasuka, vidole vimepandiana kwa mabuti ya mpira, na kifundo cha mguu mmoja kimevimba. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo ilinikera, maana nilikuwa na hasira zangu nzuri nilizozitunza kwa miaka. Nikafunua jani. Nilifikiria kuumeza ukoko wote palepale niliposimama. Nilifikiria sana, mpaka ng'ombe akakohoa.

Nikaukata katikati, nikampa nusu.

Maji yakaja, ya moto, sijui yalitokea wapi. Nikakaa. Tukatia miguu pamoja, yake na yangu, beseni moja, magoti yanagusana. Alifumba macho, na mimi nikafumba, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi na mbili uanze hakuna sehemu ya mwili wangu iliyokuwa inasikiliza kama kuna kinachoungua.

Baadaye akauliza, chinichini, kama rangi ya kucha ipo. Ng'ombe akatoa vichupa chini ya taulo. Mama mkwe alivipita vile vya rangi za adabu akachukua nyekundu, nyekundu yenyewe, ya mtu asiyeimba kwaya. Nikauweka mguu wake wa kushoto mapajani nikaanza na dole gumba. Alikuwa anatekenyeka. Alicheka, mama yule, akaficha mdomo kwa kiganja, na mimi sikuwahi kujua kwamba ana kicheko.

Nilikuwa nimefika kidole cha mwisho wakati ng'ombe alipoinua kichwa na kuuliza, kwa sauti ya mume wangu, chumvi iko wapi. Nikashtuka, brashi ikateleza.

Nikaamka. Asubuhi ya Krismasi, na Baba Brayson amesimama kando ya kitanda anauliza chumvi iko wapi. Nikamwambia ilipo, ambapo ndipo ilipo siku zote. Nikajifunga khanga nikaelekea jikoni, nimekunja sura, najiandaa kusimama mpaka jioni.

Moto ulikuwa haujawashwa. Hilo peke yake lilinisimamisha mlangoni. Mama mkwe alikuwa ametoka kukamua, ndoo ya maziwa iko chini, na yeye amekaa juu ya gunia la mahindi, mchana kweupe. Nilimwamkia, akaitika. Akaniuliza nimelalaje, nikamwambia salama tu. Kisha akainama akavua buti la mguu wa kushoto.

Kucha zote nyekundu. Kwenye kidole cha mwisho rangi ilikuwa imetoka nje ya ukucha, imeparaza ngozi.

"Ulivyoshtuka ukaniharibia," akasema. "Na huu mwingine niende nao kanisani hivihivi?"

Uani mume wangu alikuwa ameanza kuita tena, safari hii ni majani ya chai. Miguu yangu ikageuka yenyewe kwenda. Mama mkwe akanidaka ncha ya khanga.

"Funga mlango," akasema. "Halafu ukae."