Futi Thelathini na Nne

"Nimesema pampu haishuki shimoni, na haishuki!"

"Basi maji yatapanda yenyewe kukusalimia, mayu," Nkwabi akanijibu, akiniita mama kwa Kisukuma. "Unayasubiri na chai?"

Bhoke, anayetupikia pale machimboni, akacheka mpaka mwiko ukamponyoka. Mimi sikucheka. Duara lile, yaani shimo la kuchimbia, ni letu watu kumi na mmoja. Nkwabi ndiye msimamizi, na mimi ndiye mwenye sauti kubwa. Tangu mvua ya juzi lilikuwa linajaa. Chini ni mwamba, lakini kuanzia futi thelathini kwenda juu ni udongo mwekundu ulioshikiliwa na magogo, matimba kama tunavyoyaita. Maji yakiufikia udongo ule, kuta zinalainika na miezi minane ya kuchimba inafukiwa. Kamba ya Nkwabi, yenye fundo kila futi, ilionyesha maji yako futi thelathini na nne kutoka mdomoni. Zilibaki nne.

Zamani pampu ilishushwa hadi kwenye jukwaa la mbao, kati ya matimba, na mtu akaning'inia na ndoo akiijaza maji huku akitukana. Nikaona huo ni ushamba. Nina diploma ya ufundi mitambo na nimeilaminisha. Nikanunua pampu mpya ya umeme, nikaijengea kitako cha zege kando ya shimo, nikaandika tarehe kwa msumari kama jiwe la msingi la zahanati. Kisha nikaenda Kahama kuazima mashine ya kunyonya hewa kwa Kalisti, fundi wa mafriji.

Asubuhi hiyo niliwapanga watu wazima mstari, nikawafundisha kwa soda na mrija.

"Pampu ikiwa na hewa tumboni inazunguka bure. Mashine hii inaitoa hewa hiyo. Haivuti maji, sikilizeni! Hewa ya nje ndiyo inayoyakandamiza maji shimoni, nayo yanapanda."

Nikainywa soda yote. Hakuna aliyeuliza swali, nikajua nimefundisha vizuri.

Robo saa ya kwanza maji hayakusogea, kwa sababu nilisahau kufunga valvu ya kutolea; tulikuwa tunanyonya hewa ya wilaya nzima. Nilipoifunga, yakapanda. Mpira ule unaonyesha ndani, kwa hiyo kila mtu aliyaona yakipanda, na kila mtu akayaona yakisimama kama futi tano chini ya mdomo wa shimo. Yakagoma hapo hapo.

"Kuna mahali panavuja," nikasema. Nikakaza vibano vyote. Nikapaka grisi kwenye maungio, nikajipaka na mimi. Maji hayakunihurumia.

"Mashine ya friji imechoka," Bhoke akasema.

"Haijachoka! Angalia geji, mshale umefika mwisho. Ndani humo hakuna hewa ya kumtosha hata mende."

Nkwabi akachuchumaa kando ya mpira. "Mayu, si ulisema mashine haivuti? Kwamba hewa ya nje ndiyo inasukuma?"

"Ndiyo."

"Basi kama mashine haijachoka, iliyochoka ni hewa ya nje."

Nikaitazama tena geji, kisha maji yaliyogoma.

Hewa ya nje ina mwisho wa nguvu zake. Tuliandika chuoni: mita kumi tu, tena ukiwa usawa wa bahari. Huku kwetu juu ni kama tisa, na ukitaka pampu ifanye kazi kwa raha, hesabu sita. Swali hilo kwenye mtihani nililipata lote. Halafu dukani nikasoma kibandiko cha pampu, mita thelathini na mbili, nikashangilia, kumbe hizo ni za kusukuma maji kwenda juu, si za kuyanyonya kutoka chini. Na kamba ya mafundo niliidharau kwa kuwa inahesabu futi. Futi thelathini na nne ni zaidi ya mita kumi. Ningeleta mafundi friji wote wa Kahama, maji yasingefika.

"Pima tena," nikamwambia.

Akashusha kamba. "Thelathini na tatu."

Ningeweza kusema mpira ni mbovu, kesho nitaleta mwingine, nikaondoka na heshima yangu. Kesho udongo ungekuwa umeshalowa.

"Nimekosea," nikasema. "Pampu inashuka."

"Sijasikia, mayu."

"Umesikia! Leta spana."

Nikazima swichi kuu, nikapiga magoti juu ya zege langu, nikafungua nati zote nne. Wakaishusha kwa winchi hadi kwenye jukwaa, futi kumi na tano, pakavu. Nkwabi akashuka kuifunga, pamoja na chupa ya kioo yenye koki, ya kukinga maji yasiingie kwenye mashine ya Kalisti. Nikafunga valvu ya kutolea, safari hii bila kukumbushwa, nikawasha mashine.

"Yanapanda!" sauti ya Nkwabi ikatoka chini. "Yamefika kwenye chupa! Nafunga koki!"

"Funga, utoke!"

Nikasubiri mpaka miguu yake yote miwili ikakanyaga juu. Nikawasha pampu, nikafungua valvu taratibu. Maji mekundu yakaruka, yakanilowesha gauni lote, yakakimbilia mtaroni.