Salamu za Mzee Ngwali

Kengeja nzima ilijua kwamba Samiha anaolewa leo baada ya alasiri. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa bado hajatoa neno lake, naye ni baba wa bi harusi, na yuko India.

Mzee Ngwali alikwenda kumuuguza dada yake, akaaga kwa wiki mbili. Huko madaktari wakamzuia mgonjwa wiki moja zaidi, na wiki hiyo ndiyo ya harusi. Kuahirisha haikuwezekana. Usama, bwana harusi, kesho asubuhi lazima awahi meli Mkoani arudi kazini, na likizo nyingine hapati mpaka miezi sita. Watu wake walikwisha fika kutoka Tumbe kwa gari mbili, wamejaa barazani na bilauri za sharubati mikononi.

"Neno lenyewe si kubwa," alisema Shehe Msellem. "Aseme tu kuwa amempa nduguye Khatib uwakala wa kumuozesha binti. Lakini niisikie sauti yake mwenyewe, na mashahidi wawili wanaoijua. Maandishi hata paka anaweza kuandika."

Tatizo lilikuwa simu. Mzee Ngwali alisafiri na laini yake ya nyumbani, na ugenini kule laini ile ilikataa kabisa kupiga simu za kawaida. Intaneti yake ilikwenda mwendo wa kobe aliyeshiba. Wifi ya hospitali nayo haimfungulii mtu asiye na namba ya Kihindi. Akibahatika kupata mawasiliano, huongea dakika moja, ikakatika, kisha wakangoja nusu saa nyingine.

Na dakika moja itamtosha nini Mzee Ngwali? Huyu ni mtu ambaye akenda dukani kununua kiberiti, hurudi wenziwe wameshapika, wameshakula na vyombo wameshaosha, kwa kuwa hapiti mlango wa mtu bila ya kuuliza hali.

Samiha alikuwa chumbani, mikono kaitandaza juu ya mto, Bi Mgeni akimalizia kumchora maua ya piko vidoleni. Nyuma ya pazia alimsikia ami yake Khatib akipokea simu.

"Assalaam alaykum, kaka! Shikamoo!"

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, sijui nyinyi."

"Sisi wazima. Bimkubwa hajambo?"

"Mkeo hajambo, yuko jikoni."

"Alhamdulillahi. Na ng'ombe, keshazaa?"

"Ng'ombe, kaka, kesha..."

Simu ikakatika.

Mara ya pili walifika tena kwa ng'ombe. Mara ya tatu ng'ombe hawakumfikia, maana Ami Khatib alianza kwa kuomba radhi kuwa simu inakatika. Tangu asubuhi palikuwa na ujumbe wa sauti wa dakika nne kutoka kwa baba, lakini haukufunguka. Kiduara kilizunguka juu yake tu.

"Ami si amwambie asisalimie?" Samiha alinong'ona.

Bi Mgeni alisita, brashi ikabaki hewani. "Khatib? Amwambie kaka yake mkubwa asisalimie? Bora amwambie avue kanzu sokoni!"

Ikaadhiniwa alasiri, watu wakasali, wakarudi. Barazani mzee mmoja wa Tumbe alipaza sauti: "Jamani, kama neno haliji, tupeni hata huyo ng'ombe turudi naye!"

Watu wakaangua kicheko. Samiha hakucheka. Aliona miezi sita imejipanga mbele yake kama foleni.

Tena alikuwa anajua la kufanya. Mchana mama yake alimwandikia baba, "Umekula?", na jibu likaja pale pale: "Ndiyo, nyinyi je?" Maandishi machache yalipita, mazungumzo marefu ndiyo yaliyokwama. Lakini bi harusi huinamisha macho, hukaa kimya, hujifanya harusi ni ya mtu mwengine. Ataanzaje yeye kumharakisha baba yake?

"Bi Mgeni," alisema, "niletee simu."

"Piko bichi hilo!"

"Niletee tu."

Akaandika kwa kidole kimoja cha shahada, na kila herufi ilikula kipande cha ua:

"Baba, shikamoo. Sote wazima. Mama mzima, ami mzima, majirani wanakusalimu. Ng'ombe kazaa jike, ana baka jeupe kwenye paji. Salamu zimekwisha, baba. Limebaki neno lako tu. Rikodi neno la uwakala peke yake, bila ya salamu. Nisamehe."

Bi Mgeni alisoma begani kwake, akajipiga kifua. "Yallah! Bi harusi anajiombea ndoa mwenyewe!"

Samiha akajifunika uso kwa mikono, akakumbuka piko, akaitoa haraka. Alimuwazia baba yake katika ukumbi wa hospitali, miwani puani, akisoma maneno yale ya binti asiyekuwa na haya. Dakika zikapita. Kisha simu ikalia: ujumbe wa sauti, sekunde kumi na mbili. Kiduara kikazunguka, kikasita, kikazunguka tena, ukafunguka.

Ami Khatib akapewa simu, akaiweka mbele ya Shehe na mashahidi.

"Marahaba, mwanangu," ilisema sauti ya Mzee Ngwali, polepole, kama hana haraka na mtu. "Mimi Ngwali bin Duni nimempa uwakala ndugu yangu Khatib amuozeshe binti yangu Samiha kwa Usama bin Ishak."

Nyuma ya pazia Samiha alilia kwa ile "marahaba".

Ndoa ikafungwa. Usama akaletwa ndani kumpa mkono mkewe, akaitazama mikono yake yote miwili: vidole tisa vina maua, cha kumi kama kimechovywa kwenye masizi.

"Hiki kimefanya nini?" aliuliza.

Kabla Samiha hajajibu, simu ya Ami Khatib barazani ilikubali hatimaye kufungua ule ujumbe wa asubuhi, sauti juu kabisa.

"Assalaam alaykum!"

"Waalaykum salaam!" ikaitikia baraza nzima.

"Hamjambo nyote huko? Na ng'ombe, keshazaa?"

"Jikeee!" wakajibu Watumbe kwa pamoja.

Na bi harusi, ambaye siku hiyo si wa kucheka, akacheka mpaka ushungi ukamdondoka. Zilikuwa zimebaki dakika tatu na nusu za salamu.